Injini Moja Ikizima: Namna ya Kukagua Ndege ya Mfano

Ukiletewa ndege ya mfano ya injini mbili, usianze na rangi. Muulize fundi aliyeiunda: injini ya kushoto ikizima wakati wa kupaa, itakuwaje? Aliyeijua kazi yake hujibu bila kusita, maana ndiyo hesabu aliyopigia kila waya uliomo ndani.

Injini iliyobaki huendelea kuvuta, pua hugeukia upande uliokufa, bawa la upande huo huzama, na ndege hujipindua. Hapa Voi, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, jua la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Propela huvuta kwa unyonge, na nafasi ya kujiokoa hupungua. Ndiyo maana ya jairo: huhisi pua ikigeuka na kusogeza usukani wa mkia kabla jicho la rubani halijaona kitu.

Simama nyuma ya ndege, sukuma pua kushoto kwa ghafla. Ukingo wa usukani lazima uende kulia. Ukienda kushoto, jairo itaiangusha ndege badala ya kuiokoa. Angalia pia kama jairo imekaa juu ya sponji, mbali na mtetemo wa injini. Na ndege inapowashwa, iwe kivulini, imetulia kabisa. Upepo wa hapa ukiitikisa wakati jairo inajipima, itaanza kazi na kipimo cha uongo. Binafsi napenda jairo ya usukani peke yake, iwe ya kutuliza tu, si ya kung'ang'ania mwelekeo. Ya kwenye vibao vya mbawa naiogopa: bawa lililoishiwa mwendo likizama, jairo hushusha kibao chake na kulizamisha zaidi.

Kwenye risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ndipo ubingwa huonekana. Wengi hufunga mbili, moja ya kila upande, na injini ya upande huo ikiwa humo humo. Kwa macho ni mpango mzuri. Kwangu ni kosa. Risiva ya kulia ikipoteza mawimbi, huzima injini yake huku ya kushoto ikinguruma, na fundi amejitengenezea ajali ile ile aliyokuwa akiikimbia. Fundi mzuri huweka injini zote mbili kwenye risiva moja, zishuke pamoja. Usukani na jairo hukaa kwenye ya pili, na vibao vya mbawa na vya mkia hugawanywa, ili risiva yoyote ikifa, ndege ibaki na nusu ya viungo vyake na iteleze hadi chini. Kila risiva iwe na betri na swichi yake, antena zikae kwa pembe ya mraba, mbali na kaboni. Mitambo mingi hutaka risiva moja tu ndiyo irudishe taarifa kwenye rimoti. Zikirudisha zote, hugongana.

Ukiwa Voi kumbuka hifadhi ya Tsavo iko mlangoni: humo huruhusiwi kurusha bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na tangu 2020 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) ina kanuni za vyombo visivyo na rubani. Zisome kabla hujatafuta uwanja.

Mwisho, toa propela, washa ndege, kisha zima risiva moja baada ya nyingine huku ukitazama kinachobaki hai. Fundi akikataa jaribio hilo, usiinunue.