Yupi si wa Kundi Hili?

Ndugu msomaji, ukiingia katika duka la vifaa vya shule hapa Nyamagana, utakuta vijitabu vyembamba vya mazoezi ya darasa la saba. Vingine vimepigwa chapa vizuri, vingine ni karatasi za kurudufu zilizobanwa kwa pini. Sura yao ni moja: swali, kisha herufi A hadi E, na nyuma kabisa safu ya majibu. Tangu nistaafu nimevikusanya vya kutosha kujaza kasha, nami nimevisoma kama mtu asomavyo riwaya, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni haki navyo vihakikiwe kama vitabu vingine, kwa sababu hapana kitabu kinachosomwa na watoto wetu kwa bidii kama hivyo.

Sisemi juu ya maswali ya kukumbuka tu, kama vile bendera ina rangi ngapi. Nasema juu ya yale yanayodai kupima namna mtoto anavyofikiri kwa maneno: kamilisha methali, tafuta neno lisilo la kundi, jembe kwa mkulima ni kama nyavu kwa nani, panga sentensi hizi ziwe habari moja. Kwa nadharia haya ndiyo maswali bora kuliko yote. Mtoto hawezi kuyakariri. Tatizo ni kwamba sisi walimu tumegundua njia ya kuyakariri.

Chukua kupanga sentensi. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ya darasa la saba ilikuwa na sehemu iliyoitwa utungaji ambamo mtoto hatungi kitu. Hupewa sentensi nne zilizochanganywa, naye huzipa herufi A, B, C na D kwa mfuatano unaoleta maana. Hebu tutunge mfano wetu wenyewe. Ya kwanza: Walipofika ufukweni waliwauzia wachuuzi samaki wao. Ya pili: Juma na baba yake waliondoka jioni kwenda ziwani. Ya tatu: Hatimaye walirudi nyumbani wakiwa na unga na sukari. Ya nne: Huko walivua hadi alfajiri.

Sentensi nne zaweza kupangwa kwa namna 24. Mtoto anayesoma kwa maana ataona kwamba “huko” ni ziwani, kwa hiyo haiwezi kutangulia safari. Na kwamba samaki hawauzwi kabla ya kuvuliwa. Hiyo ni kazi halisi ya akili. Lakini kijitabu kimoja nilicho nacho kinamfundisha hivi: sentensi yenye jina la mtu huwa ya kwanza, na yenye “hatimaye” huwa ya mwisho. Basi. Mtoto aliyeshika kanuni hiyo ameshapata alama mbili bila kujua kama habari ni ya uvuvi au ya harusi, na zilizobaki mbili atazibahatisha kama anayerusha sarafu. Kanuni si ya uongo. Ndiyo maana ni mbaya: inafanya kazi, na kwa kuwa inafanya kazi hakuna anayeona sababu ya kumfundisha mtoto neno “huko” linashika nini.

Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilitangaza kwamba zaidi ya watoto 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Watu walishangaa, wengine wakasema ni udanganyifu mtupu. Udanganyifu ulikuwapo, sikatai. Hata hivyo, katika karatasi ya maswali 50 yenye herufi tano tano, mtu aliyefumba macho anategemewa kupata kama 10. Mwongezee kanuni za jina la mtu na “hatimaye”, mwongezee ile ya kwamba jibu refu ndilo sahihi, nawe utaona anavyopanda ngazi bila kusoma.

Kosa la pili la vijitabu ni baya zaidi kwangu, kwa sababu halimsaidii mvivu bali humwadhibu mwenye akili. Miaka kadhaa iliyopita, mwanachuo wetu mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya kando ya ziwa, ambayo sitaitaja. Aliandika ubaoni swali kutoka kijitabuni: yupi si wa kundi hili, sato, sangara, furu au dagaa? Jibu la nyuma ya kitabu lilikuwa dagaa, kwa kuwa ni mdogo. Binti mmoja akasema sangara. Akapigiwa mkasi, akakaa. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa, na somo lilipokwisha nikamwita nikamwuliza kwa nini sangara. Akajibu bila kusita, “Shikamoo mwalimu. Kwa sababu yeye anawala hao wengine.”

Fikiri, ndugu msomaji, ni nani hapo aliyefikiri. Mtunzi aliona ukubwa, jambo ambalo hata mtoto wa miaka mitatu huliona. Binti aliona uhusiano uliopo kati ya viumbe vinne. Na ziwa lenyewe limemthibitisha: sangara aliingizwa humu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Mvuvi angeweza vilevile kuchagua dagaa kwa sababu yake, kwamba huvuliwa kwa taa usiku na kuuzwa kwa ndoo. Hilo nalo ni jibu zuri. Lakini “mdogo” ni jibu duni kupita yote, nalo ndilo lililopata alama. Binti yule alijifunza siku ile kwamba ajuacho kutoka nyumbani kwao kiachwe mlangoni mwa darasa.

Tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1921 mtaalamu Godfrey Thomson alitunga majaribio ya namna hii kwa ajili ya jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Nia yake ilikuwa njema kabisa: kuwatafuta watoto wenye vipaji katika shule za vijijini waliokuwa wakisahauliwa wakati wa kugawa nafasi za sekondari. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, majaribio ya maneno yakawa sehemu ya mtihani wa watoto wa miaka 11 katika sehemu nyingi za nchi ile. Mara wazazi wenye uwezo wakatafuta walimu wa jioni, na wachapaji wakatoa vijitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Philip Vernon alionyesha kwamba alama hupanda kwa kufundishwa na kujizoeza, ila sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana katika saa chache za mwanzo. Saa chache! Nasi tunawafungia watoto kambini mwaka mzima, wanalala juu ya madaftari, na wazazi wanachangishwa mchele na maharage. Chombo kilichotungwa kumwokoa mtoto wa shamba kiligeuka mali ya mtoto wa mjini, kule kama huku.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu dawa. Mtihani wao wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia mwaka 1966 hadi 1984, ulikuwa wa kuchagua herufi. Katikati ya miaka ya 1970, Anthony Somerset na wenzake waliyabadilisha maswali yadai kufikiri zaidi ya kukumbuka, kisha wakafanya jambo ambalo mimi nalithamini kuliko hilo: walitoa jarida kwa walimu, likieleza watoto wengi walichagua jibu gani la makosa, na kwa nini yumkini walilichagua. Kosa la mtoto likawa habari kwa mwalimu. Sisemi Kenya ilipona. Vijitabu vimejaa kule pia. Lakini wazo lile lilikuwa sahihi. Baraza letu la Mitihani nalo hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, nzuri tu. Nimeuliza walimu wengi wa shule za hapa mjini kama wamezisoma. Wengi walinijibu kwa tabasamu.

Na wazee wetu je? Jioni mtu alisema “Kitendawili!” wakamjibu “Tega!” Nyumba yangu haina mlango. Aliyeshindwa hakuchapwa, alitoa mji, na mtegaji, akiisha kuutawala, alilazimika kutoa jibu lililowaridhisha wote. Mtoto aliyesema “jiwe” badala ya “yai” aliruhusiwa kutetea jiwe lake, na wakubwa wakacheka au wakamkubalia. Huo ndio ufikiri wa maneno, tena bila ada. Katika vijitabu vitendawili hivyo hivyo vimewekwa herufi, na utetezi umekatazwa. Methali zimepata msiba uo huo. Kila mtoto wa darasa la saba atakumalizia “Haba na haba”. Niliwahi kuuliza darasa zima kibaba ni kitu gani, hakuna aliyejua, wakati mama zao wanapima mahindi kwa sado sokoni kila siku. Ningewapa sado kwanza, kibaba kingekuja chenyewe.

Nitaambiwa: mzee, wewe umestaafu, mwalimu wa leo anadaiwa ufaulu. Najua. Nilianza kazi katika miaka ile iliyofuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, tulipojaza watoto wote madarasani huku nafasi za sekondari zikiwa chache mno. Kuchuja kulikuwa hakuepukiki. Leo mambo si yale. Shule za sekondari za kata zipo, ada imefutwa tangu Januari 2016, na Sera ya Elimu katika toleo lake la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha hata kutangaza shule kumi bora. Mashindano yaliyobaki ni ya kwenda shule za vipaji maalumu na ya majina ya shule zenyewe. Basi mtoto wa Luchelele au wa Buhongwa, ambaye jina la shule halimnufaishi kitu, anakariri kwa ajili ya nani?

Sisemi mazoezi yaachwe. Mtoto ambaye hajawahi kuona swali la namna ile ataogopa, na wiki mbili za kumzoeza ni haki yake. Ninalotaka kwa watunzi ni dogo. Nyuma ya kijitabu, badala ya safu ya herufi, pachapwe sababu: kwa nini hili, kwa nini si lile, na kama lipo jibu la pili linaloweza kutetewa, likiri lipo. Kijitabu kitanenepa kidogo na bei itapanda kidogo. Na maswali mengi, mtunzi akilazimika kuyaandikia sababu, nadhani atayafuta mwenyewe kabla hayajafika kwa mchapaji.