Kazi ya Gereji Hupimwa kwa Alama Zake

Mwenye gari wa Bukoba au Muleba akishuku kwamba gereji imemlipisha kazi isiyofanyika, kwa kawaida huanza kumpima fundi: ulimi wake, ukubwa wa karakana, wingi wa magari uani. Hayo yote hayathibitishi kitu. Kinachopaswa kupimwa ni kazi yenyewe, kwa kuwa spana ikipita mahali huacha alama, na isipopita alama haipo.

Anza na spea iliyotolewa. Ukiambiwa pedi za breki zimebadilishwa, omba za zamani uzishike mkononi. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi za sehemu inayosuguliwa. Iliyokwisha hubakiwa na 2 au 3. Ukikabidhiwa pedi ambazo bado ni nene, basi zilitolewa bila haja, au si za gari lako. Kisha inama utazame nati. Vumbi jekundu la barabara za vijijini huganda juu yake likachanganyika na kutu; palipofunguliwa, pembe za nati huwa zimekwanguka na chuma kinaonekana. Shokapu haiwezi kuwa mpya huku nati zake zimefunikwa na vumbi la miezi. Filta ya oili nayo itie alama ya rangi kabla ya kupeleka gari. Ukiikuta ileile, hakuna mjadala.

Hata hivyo, zipo dalili zinazomwonea fundi. Kwenye Hilux au Land Cruiser ya dizeli, oili mpya huweza kuwa nyeusi baada ya safari fupi tu, kwa sababu masizi yaliyosalia ndani ya injini huchanganyika nayo. Kwenye Noah au IST ya petroli, oili nyeusi tii kesho yake inahitaji maelezo. Mlio uliobaki baada ya matengenezo nao si ushahidi wa wizi: gari linalopanda na kushuka miteremko ya Kamachumu huchakaza bushi na boljointi kwa pamoja, na kubadilisha kimoja hakukitengenezi kingine.

Wapo wanaosema kudai spea ya zamani ni kumvunjia fundi heshima. Sikubaliani nao, kwani anayefaidika zaidi ni fundi mwaminifu, ambaye bila ushahidi huo huwekwa kapu moja na tapeli. Wengine husema wateja wenyewe huleta spea feki za bei rahisi, kisha wakailaumu gereji. Ni kweli hutokea, na ndiyo maana makubaliano yaandikwe kabla gari halijafunguliwa: spea gani, mpya au ya mtumba, nani ameinunua, ufundi shilingi ngapi. Kama fundi hana mashine ya risiti ya EFD, karatasi yenye saini yake bado ina uzito. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mlaji, lakini lalamiko lisilo na karatasi wala spea hubaki maneno yako dhidi ya maneno yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimwite fundi mwizi kabla hujainama chini ya gari. Ukikosa alama, dai haki yako bila kuona haya. Ukizikuta, mlipe kwa wakati, umrudie, na uwaelekeze wenzako kwake.