Pembe ya Tatu

Kishona nguo hakimwombi mtu ruhusa. Ukikatiza shamba lililokwisha kuvunwa, ukifika nyumbani unakuta soksi, pindo la suruali, hata mkanda wa mkoba, vimeshonwa vijiti vyeusi ambavyo hukuviona vikipanda. Utotoni, huku Rungwe, tulikaa barazani tukivichomoa kimoja kimoja na kuvitupa uani. Maana yake tulivipanda, lakini hilo hatukuliwaza.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa baiolojia alitutoa darasani asubuhi moja, akatuamuru tutembee hadi ng'ambo ya uwanja wa mpira kisha turudi. Hakusema kwa nini. Tuliporudi alisema kila mtu achomoe kimoja kutoka kwenye soksi yake, akichore. Lenzi za mkono zilikuwa sita na sisi tulizidi hamsini, kwa hiyo lenzi zilizunguka kama kata moja kwenye mtungi wa watu wengi.

Mimi nilichora kabla lenzi haijanifikia. Ningesubiri nini? Kishona nguo nilikijua tangu sijaanza kuvaa viatu: kijiti cheusi chenye pembe mbili. Tena mwalimu alikuwa ameandika ubaoni jina lake la kitaalamu, Bidens pilosa, akatueleza kwamba Bidens ni Kilatini, maana yake meno mawili. Nikachora pembe mbili nzuri, zinazolingana kama pembe za ng'ombe wa kwenye kalenda. Mwalimu akasimama nyuma yangu.

"Kina pembe ngapi hicho?"

"Mbili, mwalimu."

"Hesabu."

Lenzi ikafika. Pembe zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa fupi kidogo, imejibanza nyuma ya wenzake. Na kila pembe ilikuwa na vimiba vidogo sana vilivyoelekea nyuma, upande wa mwili wa mbegu, kama ndoana: kuingia kwenye kitambaa ni rahisi, kutoka ni kwa kuvutwa. Miaka yote ile nilikuwa nimevichomoa na kuvilaani bila kujua kinachovishikilia. (Nimesema mbegu kwa sababu ndivyo tusemavyo. Maabara wangesema hilo ni tunda, tunda kavu lenye mbegu moja ndani, na wana haki.)

"Futa," alisema. "Chora unachokiona. Unachokijua kiache bwenini."

Nimeshika kazi nyingi tangu siku ile, nyingine za kalamu na nyingine za jembe, na sijakutana na ufundi unaodharauliwa kama mchoro wa baiolojia wa mtoto wa shule. Watu wa sanaa hawauhesabu kuwa sanaa, kwa vile hauna kivuli wala rangi. Watu wa sayansi huuona ni mazoezi ya kuvuka tu, kama ngazi unayoisahau ukishafika darini. Wazazi ndio kabisa: mtoto akiketi saa nzima na jani la mhogo mbele yake, ataitwa akachote maji.

Kanuni zake ni chache. Penseli ya HB iliyochongwa, wino haukubaliki. Mstari mmoja mwembamba usiokatika. Ule mtindo wa kuparaza paraza mpaka umbo litokee lenyewe unakugharimu alama. Usitie kivuli. Mistari ya majina inyooke, isikatane, isiwe na mishale, na ncha yake iguse hasa kitu kinachotajwa. Mwisho andika jina la mchoro na ukuzaji wake. Mbegu yangu ilikuwa milimita 9 pamoja na pembe zake, mchoro wangu wa pili sentimita 9. Ukuzaji, mara 10.

Zamani niliziona kanuni hizo kuwa ukorofi wa watu wa maabara. Siku hizi naona kila katazo limeziba njia moja ya kudanganya. Kivuli ndicho maficho makubwa kuliko yote. Pale usipojua mguu umeungana vipi na mwili, unapaka weusi kidogo, na mtazamaji anakusifu. Mstari mtupu hauna pa kujificha. Mguu wa panzi lazima uanzie mahali, ama kifuani ama tumboni, na mkono hauwezi kuamua mpaka shingo iiname tena na jicho lirudi kwa panzi. Miguu yote sita inaanzia kifuani. Tazama wadudu wanaochorwa kwenye mabango ya matangazo barabarani, uhesabu wangapi wameoteshwa miguu tumboni. Hao wamechorwa na watu wanaomjua mdudu, hawakumtazama.

Ufundi huu una mababu wakubwa. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, ndani yake mna kiroboto aliyechorwa mkubwa hata ukurasa wake ukabidi kukunjwa, na mna kipande cha gome la kizibo chenye vijumba vingi ambavyo Hooke aliviita kwa neno lililotokana na Kilatini, lenye maana ya chumba kidogo. Ndilo hilo neno seli tunalolitamka hadi leo. Karibu zaidi na sisi yupo Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na baadaye akafundisha sanaa Makerere. Vitabu vyake vya mamalia wa Afrika Mashariki, vilivyoanza kutoka mwaka 1971, vimejaa michoro ya mafuvu, misuli na nyuso, na ukivifungua unaona mara moja kwamba mtu huyu alikuwa akiuliza maswali kwa penseli.

Lakini mimi siusifu ufundi huu kwa sababu ya wakubwa hao. Nausifu kwa ajili ya mtoto aliyetoka shule ya msingi.

Kwetu Tanzania sayansi ya shule ya msingi, katika shule nyingi za serikali, husomwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza lugha inageuka kuwa Kiingereza, na darasa zima linapata ububu wa ghafla. Nakumbuka wenzangu, watoto wa wakulima wa viazi na ndizi, waliojua ni mdudu gani anatoboa mbegu ghalani na ni jani gani ng'ombe hali, wakikaa kimya vipindi vyote kwa kuogopa kuchekwa. Siku ya praktiko walifufuka. Penseli haikuwauliza umefaulu lugha gani. Binti mmoja aliyekuwa hajajibu swali hata moja tangu Januari alichora ua la mharage, akatenga petali zake, akaonyesha kwamba stameni tisa zimeshikamana na ya kumi imesimama peke yake. Mwalimu aliinua daftari lake darasa zima likaona. Majina ya sehemu aliyapata baadaye, kila jina likakuta mahali pake pameshaandaliwa.

Haya, nisipambe. Ufundi huu pia huuawa, na huuawa shuleni humo humo. Moyo wa binadamu niliunakili kutoka ubaoni si chini ya mara tano: upande mmoja bluu, mwingine mwekundu, vyumba vinne vya ukubwa mmoja kama nyumba ya kupangisha. Niliupatia alama zote. Siku moja, nikiwa mtu mzima, nilinunua moyo wa mbuzi buchani nikaupasua kwa kisu cha jikoni. Bluu haikuwepo, damu haijawahi kuwa bluu. Na ukuta wa chumba cha chini kushoto ulikuwa mnene kuushinda wa kulia kwa mbali, kwa kuwa huo husukuma damu mwili mzima na mwenzake huipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Mara tano nilikuwa nimeichora dhana ya mtu mwingine.

Mwalimu wetu wa kishona nguo alilijua tatizo hilo, nadhani ndiyo maana alipofika kwenye mada ya mazingira hakutupa kitabu. Alitupa vijiti vinne vya mita moja na kamba. Tukafunga fremu ya mraba, tukaenda uwanjani kuhesabu mimea. Wavulana wakataka kuitupa kule kwenye majani mengi, ili tupate cha kuandika. Akakataa. Aligawa uwanja kwa hatua, akaandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kofiani, na fremu ikawekwa pale namba ziliposema. Pembezoni tulikuta kishona nguo tele. Katikati, ukoka uliolala chini kabisa, mmea unaovumilia kukanyagwa na viatu vya mpira kila jioni. Mbele ya goli, hakuna kitu. Udongo tu, mgumu kama sakafu.

"Hapa tuchore nini, mwalimu?"

"Chora mraba."

Tukachora mraba mtupu, tukauandika jina na ukubwa wake. Sijui mchoro mwingine niliouchora kwa uangalifu kama ule. Tulipoipanga michoro yote mfululizo kutoka ukingoni hadi golini, nyayo za timu ya shule zilionekana kwenye karatasi bila mtu yeyote kuzichora.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, aliye kidato cha kwanza, alikuja likizo, nikamkuta jikoni anamenya mahindi mabichi. Nikapata nafasi ya kujionyesha. Nikamwambia kila unywele wa hindi umeshikwa na punje moja, na chavua hushukia kwenye unywele huo ndipo punje ipate kujaa. Gunzi lenye mapengo mara nyingi ni gunzi ambalo baadhi ya nywele zake hazikufikiwa. Akachomoa unywele mmoja taratibu mpaka akaukuta mwisho wake kwenye punje, akatabasamu. Nikaendelea. Nikamwambia mistari ya punje huwa shufwa, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita, kwa kuwa maua ya hindi huota mawili mawili.

Akageuza hindi akihesabu kwa kidole cha gumba. "Ni kumi na nne, mjomba."

"Umeona."

Hakunijibu. Alikuwa amelishika upande wa ncha anahesabu tena. "Huku ni kumi na mbili."

Nikamwambia amekosea, ahesabu vizuri. Akahesabu, zikawa kumi na mbili. Akaleta penseli, akaliegemeza hindi kwenye bakuli, akaanza chini, mstari kwa mstari, hajali maji yanayochemka. Nilisimama nyuma yake. Alipofika karibu na ncha mkono ulisita, shingo ikainama, kisha akachora mahali ambapo mistari miwili iliyokuwa bega kwa bega inakoma pamoja na majirani zake wanafumba nafasi.

"Imeisha miwili kwa mara moja," alisema. "Ulikuwa hujaiona?"

Nikavuta kigoda nikakaa, nikaliomba hindi.

"Subiri," akasema, "sijamaliza."