Nani Aliyemwua Kamanda? Fuenteovejuna na Mzalendo Kimathi mbele ya Mwanafunzi wa Kihispania

Watetezi wa somo la Kihispania katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki hupenda kutaja ajira: ubalozi, utalii, mashirika ya kimataifa. Hoja hiyo si ya uongo, lakini ni hoja ya soko, na soko halimwambii mhadhiri afundishe kitabu gani wala akitazame kutoka wapi. Suala hili la pili liliulizwa Nairobi mwaka 1968, pale Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe ili Afrika iwe kitovu cha masomo, na fasihi za kwingineko zitazamwe kutoka hapo. Pendekezo lao laihusu lugha ya Cervantes sawasawa na lugha ya Shakespeare. Yanayoonekana kutoka Mwea si yale yanayoonekana kutoka Madrid.

Mwea ni uwanda ulioko kusini ya Mlima Kenya, katika Kirinyaga, unaojulikana leo kwa mpunga unaonyweshwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Mashamba hayo yalianzishwa katika miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa vita vya Mau Mau. Katika makambi ya Mwea, mwaka 1957, afisa Terence Gavaghan alisimamia utaratibu wa kuwatenga mahabusu katika vikundi vidogo na kuwatumilia nguvu mpaka wakiri kiapo chao. Katika Kirinyaga hiyo hiyo, huko Baricho, alizaliwa Micere Githae Mugo mwaka 1942, aliyeshirikiana na Ngugi kuandika tamthilia The Trial of Dedan Kimathi (1976), ambayo Raphael Kahaso aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kesi yenyewe ilisikilizwa Nyeri mwaka 1956.

Msomaji aliyekulia katika habari hizo hatahitaji utangulizi mrefu akiifungua Fuenteovejuna ya Lope de Vega, iliyochapwa mwaka 1619. Lope alitumia tukio la mwaka 1476, wakati wanakijiji wa Fuenteovejuna, karibu na Córdoba, walipomwua Fernán Gómez de Guzmán, Kamanda wa Shirika la Calatrava. Katika tamthilia Kamanda huyo huwadhulumu wanaume na kuwaandama wanawake, hata subira inakwisha. Hakimu anatumwa kuwatesa watu ili amjue mwuaji. Mzee, mtoto na mwanamke wanaulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja hutaja jina la kijiji tu.

Kihispania cha Lope kina maneno mawili, honor na honra, ambayo Kiingereza huyatia katika neno moja. Wahakiki wa tamthilia za zama hizo hulitenga lile la kwanza, yaani hadhi ambayo mtu huzaliwa nayo, na la pili, yaani heshima anayopewa na wenziwe. Ingawa watunzi wenyewe hawakuishika mipaka hiyo kila mahali. Kamanda huwakejeli wanakijiji wanaothubutu kusema kwamba nao wanayo, na mchezo mzima ni jibu la kejeli hiyo. Mfasiri wa Kiswahili ana hadhi, heshima, staha na utu, na hana budi kuchagua kila neno linapotokea. Anayepitia Kiingereza amekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine. Hii ni sababu ya kujifunza Kihispania iliyo nzito kuliko utalii.

Ulinganisho huu usiishie katika kufanana. Lope hana msaliti. Hata Mengo, mchekeshaji wa kijiji, anastahimili mateso. Mwea haikuwa hivyo. Walikuwapo waliokiri, na nje ya makambi walikuwapo askari wa vijijini waliosimama upande wa serikali dhidi ya jirani zao. Mzalendo Kimathi haiukwepi ukweli huo: msituni wasaliti wanashtakiwa, na ndugu yake Kimathi mwenyewe ni miongoni mwao. Tena wanakijiji wa Lope wana pa kukimbilia. Mfalme Fernando na Malkia Isabel wanawasamehe kwa kuwa ushahidi haukupatikana, na kijiji kinawekwa chini ya taji. Ubaya, basi, ulikuwa wa kabaila mmoja, na mfumo umetoka safi. Mugo na Ngugi hawana mfalme wa namna hiyo; jaji wao, Shaw Henderson, ndiye huyo huyo anayemwendea Kimathi gerezani kumshawishi.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo mshairi huyu wa zama za wafalme amewashinda wanamapinduzi wawili. Tendo kubwa katika mchezo wake hufanywa na kijiji, si na shujaa. Mzalendo Kimathi inadai kuwa ni tamthilia ya umma, lakini jina lake, kizimba chake na majaribu yake yote humzunguka mtu mmoja, na umma huingia zaidi kuimba. Yule Mwanamke, mhusika aliye hai kuliko wote, hana jina. Watunzi walikusudia awe wanawake wote. Jukwaani, lakini, kutokuwa na jina kando ya mwenye jina kubwa hivyo humpunguza.

Mwisho wa Lope ulipata kusahihishwa huko huko Hispania. Federico García Lorca aliiongoza La Barraca, kundi la wanafunzi wa chuo kikuu lililoanzishwa mwaka 1932, likaicheza Fuenteovejuna vijijini baada ya yeye kuwaondoa mfalme na malkia. Mwaka 1936 Lorca aliuawa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuwa na kundi lake la maonyesho ya kuzunguka katika miaka ya 1970, na mhadhiri wa Kihispania asiyeyataja makundi hayo mawili pamoja amejinyima somo lililo tayari.

Limebaki suala la upatanisho wa kisarufi, ambalo Kihispania hakiliulizi wala Kiingereza. Hakimu anauliza: nani aliyemwua Kamanda? Mfasiri ajibu vipi: Fuenteovejuna ilimwua, kama jina la mahali? Kilimwua, kwa kufuata kijiji? Walimwua, kwa kufuata watu? Wengi wangechagua walimwua, na wangekosea. Swali limetaka mtu mmoja, na jibu linampa mmoja: Fuenteovejuna alimwua. Mmoja huyo hana shingo ya kutiwa kitanzi. Kwa wali-, hakimu angepata wingi, na wingi huweza kuhesabiwa, ukagawanywa vikundi vidogo vidogo, kama walivyogawanywa mahabusu wa Mwea.