Mbalamwezi Katika Sinema

Aliyekulia kijijini huijua mbalamwezi: njia nyeupe, vivuli vyeusi vya migomba, na mtu ajaye ambaye hatambulikani mpaka atoe salamu. Kumwona unamwona, kumjua humjui. Sinema za mbio na mapigano zimeshindana na hali hii kwa muda mrefu, na aghalabu zimeshindwa.

Jua hutuangazia takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Mpiga picha za kawaida aweza kuiacha kamera wazi kwa sekunde kadhaa akapata bonde zima, ila mtu akikatiza mbio hatabaki ila kama moshi. Mpiga sinema hana hata nafasi hiyo. Picha 24 hupita kila sekunde, na kila moja, kwa desturi, hupata mwanga kwa 1/48 ya sekunde tu. Ndiyo sababu watengenezaji walizoea kupiga mchana na kutia giza baadaye. Wafaransa waliuita ujanja huo "usiku wa Kimarekani", jina ambalo François Truffaut aliipa filamu yake ya mwaka 1973.

Katika filamu nyingi za zamani za wachunga ng'ombe wa Marekani usiku huo ulijisaliti: anga linang'aa, vivuli vikali vya mchana, vumbi la farasi likimetameta. Mtazamaji alitakiwa aone kila kitu, naye akakiona, pamoja na jua lenyewe.

Filamu ya Nope (2022) ya Jordan Peele iliushughulikia ugonjwa huo. Mpiga picha wake, Hoyte van Hoytema, aliunganisha kamera mbili zilizotazama mahali pamoja, moja ikinasa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Kwa mwanga huo anga la mchana hutoka jeusi. Kwa hadithi ya watu wanaochungulia mawinguni, faida hiyo si ndogo.

Hata hivyo sisi twaipa Mad Max: Fury Road (2015) ya George Miller nafasi ya juu zaidi. Usiku wake ulipigwa na John Seale juani, nchini Namibia. Picha zilipewa mwanga kupita kiasi kwa makusudi ili vivuli visipoteze umbo, kisha zikafifizwa na kutiwa rangi. Rangi yenyewe hatuipendi: imekolea mno, kama shuka jeupe lililozidishiwa buluu ya kufulia. Lakini tazama linalotendeka. Gari limenasa matopeni, adui aliyepofushwa anafyatua risasi ovyo. Max achukua dumu la petroli, aingia ukungu kwa miguu. Twabaki na wenzake. Mwako waonekana mbali, kisha kimya. Arudi amebeba silaha, uso umetapakaa damu isiyo yake. Pambano zima tumenyimwa, na twaliamini kuliko yale yote tuliyoonyeshwa mchana.

Filamu hiyo ina ukatili mwingi, haiwafai watoto. Lakini mwalimu wa madarasa ya watu wazima aweza kuonyesha dakika hizo chache, sauti ikiwa imezimwa, kisha awatake wanafunzi waandike kwa Kiswahili yaliyotokea ndani ya ukungu.