Mkaa Jikoni: Mtoto Apendaye Upweke katika Hadithi ya Sultani Majinuni

Miongoni mwa hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, zikapigwa chapa London mwaka 1870, imo ile ya Sultani Majinuni na wanawe saba. George Bateman naye aliisimulia kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1901, na humo mwana mdogo aitwa Mkaa Jikoni. Jina hilo lastahili kupimwa, kwa maana katika maneno mawili limebeba hukumu ya jamaa nzima juu ya mtoto asiyefuatana na wenzake.

Katika maandishi ya Steere, ndugu wakubwa hushindwa, mmoja baada ya mwingine, kuulinda mtende wa baba yao, kwa kuwa usingizi huwachukua. Mdogo, ambaye hakuna amtazamiaye neno, hutia mchanga kinywani usingizi umjiapo, hata akamkamata ndege mwizi wa tende. Baadaye paka wa Sultani, aliyeachwa ale mifugo na kisha watu, ageuka kuwa Nunda, na kijana wa jikoni ndiye amwuaye.

Ni rahisi kuichukua hadithi hii kuwa onyo la kutomdharau mnyamavu, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu. Onyo hilo ni jema, lakini lina upungufu. Mkaa Jikoni hapewi heshima kwa kuwa ndivyo alivyo. Hupewa kwa kuwa ameua Nunda. Upweke wake wasamehewa kama deni lililokwisha kulipwa. Mtoto apendaye kukaa peke yake, naye hana Nunda wa kuua, atakubaliwa kwa lipi? Msimulizi hajibu.

Hata hivyo hadithi ina hekima kupita onyo lake. Jikoni si jangwani: mna moto, kazi na watu. Mtoto huyu hakuwakimbia wanadamu, bali aliwachagua wachache. Tena kukesha chini ya mtende ni kazi ya mtu awezaye kukaa na nafsi yake. Tabia ile ile iliyodharauliwa ndiyo iliyomfaa.

Lugha yenyewe yatoa kipimo. Mpweke si lazima awe mkiwa. Mkiwa ni mtu aliyefiwa au aliyeachwa. Vivyo hivyo kujitenga na kutengwa ni maneno ya shina moja, lakini mtendaji si mmoja. Wataalamu wa saikolojia ya watoto, kama Kenneth Rubin na Robert Coplan, nao wamemtofautisha mtoto apendaye kucheza peke yake na yule atamaniye wenzake ila huzuiwa na hofu, na tena na yule aliyekataliwa. Uchunguzi wa Xinyin Chen na wenzake, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kuwa huko Shanghai haya ya mtoto ilikwenda pamoja na kukubaliwa na wenzake mwaka 1990, lakini mwaka 2002 ilikwenda pamoja na kukataliwa. Miji na nyakati zikibadilika, hukumu nayo hubadilika.

Jambo hili si la Unguja ya kale tu. Katika shule za msingi za mtaa kama Mfaranyaki, mjini Songea, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, huweza kuwamo watoto waliolelewa kwa Kingoni, Kimatengo au Kiyao. Anyamazaye wakati wa mapumziko aweza kuwa mpenda upweke. Aweza pia kuwa mtoto ambaye maneno bado hayajamjia, au ambaye wenzake wamekwisha kumpa jina. Mwalimu asiyepambanua atamsukuma wa kwanza uwanjani bila sababu, na wa tatu atamwacha pekee chini ya mti akidhani kwamba apendelea hivyo.

Jina Mkaa Jikoni lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa nje ya jiko. Kwa hiyo toleo lo lote la hadithi hii lipelekwalo shuleni lisiishie kuwauliza watoto ni nani aliyemwua Nunda. Liwaulize pia kijana yule alipenda nini jikoni, na kama ndugu zake waliwahi kuingia kumtazama.