Ufisadi ni "Rampant", Lakini Nani Aliachilia Kamba?

Soma magazeti yetu ya Kiingereza wiki moja tu. Jumatatu ufisadi ni "rampant", Jumatano ni "rife", Ijumaa ni "widespread", na mhariri wa Jumapili anaona uko "prevalent". Ni kama mtu anabadilisha shati. Lakini maneno haya si mapacha, na kuyachanganya kunatugharimu.

"Widespread" ni neno la ramani. Linasema jambo limefika wapi, basi. "Prevalent" linadai hesabu: kwa madaktari, "prevalence" ni sehemu ya watu walio na ugonjwa kwa wakati fulani, wa zamani na wapya pamoja. Ukilitumia bila takwimu, umevaa koti jeupe na hujapima mgonjwa yeyote. "Rife" nalo lina harufu mbaya. Uvumi huwa "rife", furaha, hapana.

"Prevailing" ndilo lenye mabavu. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna nguvu: kilichoenea ndicho kilichoshinda. Ndiyo maana kaskazi na kusi, kila moja kwa msimu wake, ni "prevailing winds" za Pwani. Kiswahili kina ndugu yake, kutamalaki, lenye mzizi wa Kiarabu wa kumiliki. Ukiandika "hongo imetamalaki", umesema hongo ndiyo serikali. Ukiandika "imekithiri", umesema tu ni nyingi. Si maneno sawa hata kidogo.

Sasa turudi kwa "rampant". Lilitoka Kifaransa, na katika lugha ya nembo ni mnyama aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Hebu toa pasipoti yako uangalie nembo ya taifa: wale simba wawili wamesimama hivyo hivyo. Leo neno hilo lina maana ya kitu kilichokosa wa kukizuia. Yaani, kuna mtu aliyepaswa kukizuia.

Hapo ndipo uandishi wetu unapokwama. Tunaandika ufisadi kama mvua ya masika: umeenea, umezagaa, umetanda. Mvua haina mhusika. Ufisadi una sahihi, tarehe na akaunti ya benki. Kwa hivyo mwandishi akikwambia kitu ni "rampant" halafu aweke nukta, usimwachie hapo. Muulize kamba ilikuwa mkononi mwa nani.